Siku 21 nikibebewa begi Nepal

Naanza na begi, maana begi ndo lilinisumbua safari nzima kuliko hata baridi. Asubuhi ya kwanza pale Machha Khola, kijiji tulikoanzia kutembea, natoka nje na mswaki mdomoni nakuta begi langu limeshafungwa kamba pamoja na la mzee niliyesafiri naye, na kijana mmoja mwembamba kama mua anazunguka akilisukuma kidogo huku na huku kuona limekaa sawa, kisha akachuchumaa, akapitisha mkanda kwenye paji la uso, akainuka, huyooo akaondoka zake. Mimi nimebaki na kibegi cha maji na koti la mvua. Aisee. Miaka 4 nimekuwa mgumu Kilimanjaro, yaani mbeba mizigo, nimebeba mahema, mitungi ya gesi, mayai trei kwa trei na kile choo cha plastiki ambacho wenzangu wa mlimani mnakijua, halafu miaka 9 nikawa muongozaji, na katika yote hiyo 13 hakuna binadamu amewahi kunibebea hata soksi.

Nilifikaje huko? Ni mteja wangu mmoja, mzee wa Kijerumani, nimempandisha Kibo mara 3, ya mwisho akiwa na miaka 67. Akaniandikia kwamba anataka kwenda Nepal kuuzunguka mlima Manaslu na kuingia bonde la Tsum, wiki 3 kwa miguu, ila mke wake magoti yamegoma na eneo lile liko mpakani na Tibet kwahiyo huendi kienyeji, lazima vibali maalumu na muongozaji mwenye leseni, na sisi tuliambiwa wageni wasipungue wawili. Yaani alikuwa anahitaji kichwa cha pili ili apewe karatasi, akaona kichwa chenyewe kiwe changu. Nauli juu yake, mimi nije na buti tu. Nilimuuliza mara mbili kama amekosea namba.

Kwa wanaotaka kujua mambo ya hela, Mtanzania viza unaipata ukishafika uwanjani Kathmandu, siku 30 ni dola 50. Kibali cha Manaslu msimu wa Septemba mpaka Novemba ni dola 100 wiki ya kwanza na kila siku ya ziada unaongeza, cha Tsum dola 40 kwa wiki, na juu yake kuna cha hifadhi. Siyo bei rahisi lakini ukilinganisha na mgeni anacholipa getini kwetu hapa utacheka. Na Nepal wako mbele yetu saa 2 na dakika 45, hizo dakika 45 msiniulize mimi, kalenda yao nayo iko mbele kama miaka 57 hivi, kwahiyo risiti yangu ya hoteli inasema niliishi kwenye miaka ya 2080.

Kutoka Kathmandu mpaka Machha Khola ni gari siku nzima, na nusu ya mwisho siyo barabara, ni mto uliokauka ambao wameruhusu magari kupita. Mimi ni mtu wa Marangu nimepanda Hiace za enzi za vumbi za kwenda Rombo nikadhani nimemaliza, kumbe nilikuwa sijaanza.

Kitu cha kwanza kinachokushangaza ni jinsi mnavyoanzia chini. Watu wanasikia Himalaya wanafikiria barafu, mimi siku 3 za kwanza nimetembea kwenye joto kama la Kahe, mita 900 tu kutoka usawa wa bahari, migomba ipo, mpunga upo, ulezi upo kwenye matuta yaliyopandana kama ngazi, na chini mto Budhi Gandaki unanguruma usiku kucha mpaka ndotoni. Njia imechongwa ubavuni mwa mwamba, madaraja ni ya kamba za chuma yanayoning'inia, na ukiwa katikati ya daraja nyumbu 20 wenye mitungi ya gesi wanaingia upande wa pili. Muongozaji wetu, ambaye nilimuita Dai safari nzima maana ndo kaka mkubwa kwa Kinepali (na yule kijana wa mizigo tulimuita Bhai, yaani mdogo wetu), somo lake la kwanza lilikuwa hilo: nyumbu wakija egemea upande wa mlima, usiegemee upande wa bonde hata kama kuna kivuli, maana nyumbu hajui mzigo wake unaishia wapi, anakupitia tu unaenda kuoga mtoni na nguo zako.

Halafu sasa ukubwa wa msafara. Wageni 2 Kilimanjaro kwa njia ya Machame wanahitaji muongozaji, msaidizi, mpishi, na wagumu 6 au 7 hivi, maana kule juu hakuna kitu, unabeba nyumba na jiko na choo. Huku tulikuwa watu 4. Dai, Bhai, mzee na mimi, basi. Kila baada ya saa chache kuna kijiji na kila kijiji kina nyumba ya wageni, unalala kitandani, unakula alichopika mwenye nyumba. Nikajiuliza ingekuwaje kwetu, halafu nikakumbuka wenzangu wangapi wanasomesha watoto kwa kubeba yale mahema, nikanyamaza.

Jioni tuliyolala kijiji cha Jagat ndo nilipovunja utaratibu. Wateja wanakula kwanza, waongozaji na wabebaji wanakula baadaye jikoni, sawasawa na kwetu, na mimi nimekaa mezani na mzee nakula wali na dengu huku nasikia vicheko ukutani upande wa pili. Nikashindwa. Nikabeba sahani yangu nikaingia jikoni, moshi umetanda, mama mwenye nyumba amekalia kigoda anasonga kitu kwenye sufuria jeusi, amelikanyagia sufuria na mti lisizunguke, mkono na mwiko wa mbao vinazama na kuibuka. Nikachungulia. Mbe, ugali! Ugali wa ulezi, ule mweusi kabisa, wenyewe wanauita dhido. Nikanawa, nikakata tonge, nikalifinyanga, nikatoboa shimo kwa dole gumba nikachota mboga, jiko zima likanyamaza. Halafu nikaanza kutafuna wakapasuka kucheka, kumbe wao hautafunwi, unachovya kwenye mchuzi unameza hivyohivyo, mama akanionyesha kwa kushika koo lake mwenyewe. Ulezi asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, ulivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, kwahiyo kwa heshima zote nilikuwa naelekezwa kula na wajukuu wa mbegu yetu. Nilimwambia Dai awatafsirie hilo, sijui alilitafsiri vipi ila mama akaniongezea. Kuanzia siku hiyo nilikula jikoni.

Njia ya Tsum inachepuka kulia baada ya Philim, inapanda Lokpa kwenye msitu, halafu Chumling, halafu Chhokangparo ambako bonde linafunguka na unaona mashamba ya shayiri na nyumba za mawe na upande wa kusini Ganesh Himal imekaa na theluji yake kama mzee wa ukoo. Bonde hili lilifunguliwa kwa wageni 2008 tu. Watu wake wana asili ya Kitibeti, ni Mabudha, na walikula kiapo, kimetimiza kama miaka 100 sasa, wanakiita shagya: hakuna kuua mnyama yeyote bonde zima. Kuchinja hapana, kuwinda hapana, hata asali hairuhusiwi kurina. Mchaga siku 6 bila nyama! Nilikuwa naota mtori. Lakini ukitembea unaelewa taratibu, swala wa milimani wanakuangalia tu wanaendelea kula kama vile wewe ni jirani umechelewa kurudi.

Kila mahali kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa sala, unapita ukuta ukiwa mkono wako wa kulia, na njia inagawanyika pande mbili ili anayeenda na anayerudi wote wapite sawa. Mzee alikuwa anasahau, Bhai na mzigo wake wote alikuwa anarudi nyuma anamshika kiwiko anamzungusha. Hakuwahi kusema neno. Anamshika tu anamzungusha.

Chhokangparo bibi mmoja alinisimamisha njiani. Ana kikapu cha mavi makavu ya ng'ombe mgongoni ya kuwashia moto, uso una mikunjo kama ramani. Akanishika mkono, akausugua kwa kidole chake, akakiangalia kidole, halafu akanyoosha mkono juu ya kichwa changu nikainama, akazipapasa nywele zangu muda mrefu, akamuuliza kitu Dai. Dai anasema bibi anauliza kama ni sufu yangu mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema huku kwetu itakufaa. Sikukasirika hata kidogo, kuna namna mtu anakushika kama kitu na kuna namna anakushika kama mjukuu, na mtu unajua.

Mwisho wa bonde ni Mu Gompa, nyumba ya watawa, mita 3,700 hivi. Nimelala pale nikapiga hesabu: hii ni Horombo, kambi yetu ya Kilimanjaro. Horombo ni 3,720. Yaani kimo kilekile ambacho sisi tunafika tunapiga mahema, tunaangalia wateja wanaotapika, tunashuka haraka kurudi kwa wake zetu, huku kuna watu wamezeekea. Baadaye Samdo ilikuwa mita 3,860, unakaribia kambi yetu ya Barranco, na kuna watoto wanacheza mpira, kuna ng'ombe wale wa manyoya, kuna mama anamgombeza mumewe. Sisi Wachaga tunasema mlima wetu, mlima wetu, lakini tunaishi miguuni. Kuanzia msituni kwenda juu hakuna nyumba ya mtu, ni hifadhi, tunaingia kwa mshahara. Sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipoona moshi wa chai ukitoka paani kwenye kimo cha Horombo.

(Na kuhusu hao ng'ombe, yak ni dume. Jike anaitwa nak. Mzee aliomba jibini ya yak siku nzima na mama mwenye nyumba alikuwa anaenda jikoni kucheka.)

Tukarudi kwenye njia kuu, Deng, Namrung, Lho. Hapa nyumba nyingi ni mpya, bati la bluu juu, ukuta wa mawe yaliyopangwa upya. Dai alinielezea tukiwa tumekaa kwenye jiwe, hakuwa anataka kusema sana. Tetemeko la 25 Aprili 2015 kitovu chake kilikuwa Barpak, wilaya hiihii ya Gorkha, ukubwa 7.8, likaua karibu watu 9,000. Ilikuwa saa 6 mchana kasoro dakika chache, Jumamosi. Jumamosi Nepal ni siku ya mapumziko, shule zimefungwa. Dai akanionyesha jengo la shule lililokuwa limeanguka, limejengwa tena, akasema Jumamosi, akaliacha hapohapo akasimama tukaendelea.

Samagaun ndo unauona Manaslu wenyewe uso kwa uso, mita 8,163, una pembe mbili. Wajapani ndo waliufikisha kileleni mwanzo, mwaka 1956, Toshio Imanishi akiwa na Sherpa Gyalzen Norbu, na majina yote mawili yanasomeka kwenye mstari mmoja. Nikamfikiria mzee wetu Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye sisi tumekua tukiambiwa ndo aliwaongoza wazungu wa kwanza kufika kilele cha Kibo, 1889, halafu vitabuni anakuja anachungulia kama mtu aliyefika harusini bila kadi.

Sasa aibu yangu. Nilianza kuumwa kichwa Samagaun, kidogo, nyuma ya macho, dalili ya ugonjwa wa kimo. Sikusema. Dai kila jioni anauliza, kichwa vipi, umekula, umelala, najibu safi. Kesho yake kwenda Samdo mzee anatembea taratibu na Dai anamwambia bistarai, bistarai, yaani polepole, na mimi polepole nimeisema mara ngapi kwenye maisha yangu mpaka hainiingii tena masikioni, nikatangulia na Bhai, nikafika mapema, nikaona haitoshi nikapanda kilima cha nyuma ya kijiji eti nizoee kimo, maana mimi ni mtu wa Uhuru, 5,895, nani ananiambia nini. Nilikuwa sijapanda miezi 2 na nusu. Msimu ulikuwa mbovu nilikaa kwenye migomba. Mwili unasahau jamani, wiki chache tu chini unarudi kuwa mtu wa kawaida, hilo ninalifundisha mwenyewe kila semina.

Usiku nikatapika mara 3. Nikajifunika niseme ni chakula. Asubuhi nikatoka nje nikashika ukuta. Dai akaja na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, akasoma, akaniambia tembea mstari mmoja, kisigino kwa kidole. Yaani mimi! Mstari ambao nimewatembeza mamia ya watu pale kambi za Barafu na Kibo. Nikatembea, nikayumba kidogo mwishoni. Akaniuliza kwa upole kabisa, imeanza lini? Nikasema jana. Akanyamaza ananiangalia, na lile jicho nalijua, ni langu, ni jicho ninalowaangaliaga wateja wakati najua wananidanganya. Nikasema juzi.

Miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini wateja wanaficha. Nilidhani ni kiburi, au hela waliyolipa. Kumbe mimi nilichoogopa ni kumharibia mzee safari, na zaidi ya hapo nilikuwa naona aibu kuwa mzigo. Tayari kijana wa watu amenibebea begi, sasa nimbebeshe na kichwa?

Tulishuka Samagaun siku hiyohiyo, mimi na Dai, mita 300 na kitu chini, mzee na Bhai wakabaki Samdo. Supu ya vitunguu saumu, maji, kulala. Njiani nilijaribu kubeba kibegi changu Dai akakichukua. Nikamwambia angalau nikirudi nitajibebea begi langu kubwa mwenyewe, nimpunguzie Bhai. Akasimama. Akasema, kaka, yule amekosa Dashain nyumbani kwa ajili ya hii kazi (Dashain ndo sikukuu yao kubwa, kama sisi Desemba tunavyorudi Moshi). Ukimnyang'anya mzigo watu wa njiani watadhani hawezi. Wewe ukiwa mgumu ungekubali? Nikakumbuka mama mmoja wa Kanada, mwaka wangu wa kwanza, alinionea huruma Shira akang'ang'ania kubeba begi lake, na wenzangu walivyonicheka mpaka geti la Mweka tunakoshukia. Sikuligusa tena lile begi.

Kesho kutwa nilikuwa mtu. Tukapoteza siku 2 lakini tulikuwa na akiba, na hapo ndo utamu wa wiki 3, kwetu mteja ana siku 6 au 7 na tiketi ya ndege inamsubiri.

Larkya La yenyewe, kivuko cha juu kabisa cha safari yetu, haina maneno mengi. Unatoka kambi ya Dharamsala mita 4,460 saa 10 usiku, tochi kichwani, baridi ya kukata masikio, unapanda taratibu kwenye mawe na barafu, hakuna kuta, hakuna kituo kama Gilman's kwetu, ni mgongo mrefu unaopanda unapanda unadhani umefika hujafika. Saa 3 asubuhi tuko juu, bendera za sala za bluu nyeupe nyekundu kijani na njano zinapigapiga, mita 5,106 kwa ubao na ramani nyingine zinasema zaidi. Ni kama kimo cha pango la Hans Meyer tu, pale ambapo kwetu usiku watu wanakaa chini wanaomba kurudi. Mzee alilia. Mimi nilikuwa namwangalia Bhai, ameegesha mzigo kwenye jiwe bila kuuvua mkanda, anakula biskuti. Kushuka kwenda Bimthang ndo kulimaliza magoti, kokoto zinateleza vilevile kama za kushukia kambi ya Barafu, hapo ndo nilijisikia nyumbani, nikateleza nazo kwa visigino, Dai akapiga kelele, safari hii akiwa anacheka.

Siku 2 baadaye Dharapani, mwisho wa kutembea, gari linangoja asubuhi. Nilimwambia mzee tipu ya Bhai ampe mwenyewe mkononi, isipitie kwa mtu, na aihesabu mapema, na mimi nikaweka yangu kwenye bahasha nyingine ingawa nilikuwa mgeni wa mtu. Bhai akapokea kwa mikono miwili, akainama, akatoka. Nilijua anakoenda. Kupitia dirisha la jikoni nikamuona nyuma ya rundo la kuni, ametupa mgongo, anahesabu. Akarudia kuhesabu. Akaziweka kwenye soksi.

Aliporudi akakaa karibu yangu motoni, Kiingereza chake maneno 20 na Kinepali changu 5, akanionyesha mlima kwa kidevu, akaniuliza porter, Kilimanjaro, kilo ngapi? Yeye mwenyewe alikuwa anatembea na kama 28. Nikamuonyesha vidole, 20, nikamuigizia mizani ya getini, askari wa hifadhi anaangalia, ikizidi unatoa. Akanishika mkono anihesabu vidole tena. Halafu akamgeukia Dai akamwambia kitu kirefu, jiko zima likacheka.

Nikauliza anasemaje.

Dai akafuta machozi. Anasema anaomba namba ya bosi wako.